Risasi nne kwenye mlango uliofungwa: kesi ya Pistorius na mipaka ya kujihami kwa bastola

Machi 2014, katika Mahakama Kuu ya Pretoria, upande wa mashitaka ulimpandisha kizimbani shahidi ambaye hakuwa jirani, askari wala daktari. Alikuwa mwalimu wa silaha na muuzaji wa bunduki, na moja ya kazi zake siku hiyo ilikuwa kusoma karatasi ya mtihani. Mshitakiwa, mwanariadha Oscar Pistorius, kama raia yeyote wa Afrika Kusini anayetaka leseni ya silaha, alikuwa amefanya mtihani wa sheria kabla ya kuruhusiwa kumiliki bunduki, na majibu yake yalikuwa yamehifadhiwa.

Maswali yenyewe yalikuwa ya mezani tu. Wageni wawili usiowajua wako nyumbani kwako wanaiba vitu, na kati yako na wao kuna geti la chuma. Je, unaruhusiwa kutumia nguvu ya kuua? Hapana. Wamekuona na wanakuja upande wako, lakini geti bado lipo? Hapana. Sasa geti halipo, wana silaha, wanakujia na wanasema watakuua? Ndiyo. Mahali pengine mtahiniwa alitakiwa kueleza kanuni ya kumjua unayemlenga na kujua kilicho nyuma yake. Pistorius alilijua jibu hilo pia.

Nimeanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu kesi hii iliteka masikio ya dunia kwa swali lingine kabisa: alipofyatua risasi kupitia mlango wa choo cha nyumbani kwake, alijua kwamba aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp, au hakujua? Watu walibishana redioni, kwenye daladala na kwenye magazeti. Upande wa mashitaka wenyewe uliweka nguvu nyingi hapo, ukidai wapenzi hao waligombana na kwamba alimuua akijua anamuua nani. Kwa mtu anayefikiria kuweka bastola nyumbani, hilo si swali la maana zaidi. La maana ni hili: tuseme alisema kweli tupu, na kweli aliamini kuna jambazi chooni. Je, alikuwa na haki ya kumpiga risasi huyo jambazi?

Usiku wenyewe

Ilikuwa usiku wa kuamkia 14 Februari 2013, saa tisa na dakika chache, katika mtaa wa Silver Woods huko Pretoria, eneo lenye walinzi na ukuta wenye waya wa umeme. Pistorius alikuwa mwanariadha mashuhuri. Miguu yake yote miwili ilikatwa chini ya magoti akiwa na miezi 11, na mwaka 2012 alikimbia kwenye Olimpiki ya London pamoja na wanariadha wasio na ulemavu. Reeva Steenkamp alikuwa na umri wa miaka 29, mwanamitindo mwenye shahada ya sheria.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Pistorius aliamka usiku akaingiza ndani feni zilizokuwa karibu na mlango wa roshani, akafunga mlango na mapazia. Hapo akasikia dirisha la bafuni likifunguliwa. Hakuwa amevaa miguu yake ya bandia. Akachukua bastola yake, Taurus ya milimita 9, iliyokuwa chini ya kitanda, akamwambia Reeva apige simu polisi, kisha akapita kwenye ujia kuelekea bafuni huku akipiga kelele kwamba waliomo watoke. Akasikia mlango wa choo ukibamizwa. Alipofika mwanzo wa bafu aliona dirisha liko wazi na mlango wa choo umefungwa. Akasikia mchakacho ndani ya choo. Akafyatua mara nne.

Risasi 3 kati ya 4 zilimpata Reeva: nyongani, mkononi na kichwani. Zilikuwa za aina inayochanua ikishaingia mwilini, na daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alieleza mahakamani ubaya wa majeraha yake mpaka mshitakiwa akatapika kizimbani. Mtaalamu wa silaha wa polisi alieleza kwamba risasi ya kwanza ilimpata nyongani akiwa amesimama akiuelekea mlango, na zilizofuata zilimkuta akianguka. Choo kilikuwa kidogo mno. Hapakuwa na kona ya kujibanza.

Yaliyofuata, yaani gongo la kriketi lililovunjia mlango, simu, mayowe waliyoyasikia majirani na mpangilio wa sauti dakika kwa dakika, yalikula wiki nyingi za kesi. Kwa uchambuzi huu nayapita.

Sheria ilimpa bastola kwa masharti gani

Afrika Kusini hakuna haki ya kikatiba ya kumiliki silaha, tofauti na Marekani, ambako Mahakama ya Juu ilitamka mwaka 2008 kwamba raia mmoja mmoja anayo haki hiyo. Kwa Waafrika Kusini bunduki ni kibali kinachotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha, namba 60 ya mwaka 2000, na kibali hicho kina sababu iliyoandikwa juu yake: kujihami, kuwinda, michezo, ukusanyaji na kadhalika. Mwombaji kwa kawaida awe ametimiza miaka 21, awe na cheti cha umahiri kinachotokana na mafunzo na mitihani, awe hana historia ya ukatili au ulevi unaomfanya asifae, na awe na kasha la chuma la kuhifadhia.

Kifungu cha 13, kinachohusu leseni ya kujihami, kina sharti ambalo watu hulisoma harakaharaka. Anayeomba aonyeshe kwamba anahitaji silaha kwa ajili ya kujilinda, na kwamba hitaji hilo haliwezi kutimizwa ipasavyo kwa njia nyingine. Leseni hiyo hudumu miaka 5, na kwa kawaida mwenye leseni haruhusiwi kuwa na zaidi ya risasi 200 kwa kila silaha. Maana yake, hata kabla hujaishika bastola, sheria imeshakwambia kwamba bunduki ni ya mwisho kwenye foleni, baada ya mlinzi, kengele, ukuta na simu. Pistorius alikuwa na vyote hivyo.

Ushahidi kuhusu tabia yake na silaha haukumsaidia. Mwezi mmoja kabla ya mauaji, katika mgahawa mmoja wa Johannesburg uliojaa watu, alipokezwa bastola ya rafiki yake chini ya meza ikiwa na risasi chemba, nayo ikalipuka. Alipatikana na hatia kwa kosa hilo. Novemba 2012 aliandika mtandaoni, kwa utani, kwamba alirudi nyumbani akasikia mashine ya kufulia, akadhani ni mvamizi, akaingia katika hali kamili ya mapambano hadi kwenye stoo ya chakula. Yule mwalimu wa silaha naye alithibitisha kwamba aliwahi kumsimulia habari kama hiyo. Bunduki nyingine kadhaa alizokuwa ameziagiza zilifutwa kwenye oda baada ya kifo cha Reeva.

Kile kisa cha mashine ya kufulia wengi walikicheka. Mimi nakiona kizito kuliko kile cha mgahawani. Mgahawani ni uzembe wa mkono. Kwenye stoo ya chakula tunamwona mtu ambaye sauti isiyoeleweka ndani ya nyumba inamfanya aifuate na bastola badala ya kuikwepa, na safari ile aliponea chupuchupu kwa sababu tu hakukuwa na mtu.

Kujihami, na kudhani unajihami

Ili mauaji yawe halali kwa kujihami, sheria ya Afrika Kusini inataka shambulio liwe haramu, liwe limeanza au linakaribia kabisa, na nguvu iliyotumika iwe ya lazima, imwelekee mshambuliaji, na isipite kiasi. Hapo mahakama haiulizi uliogopa kiasi gani. Inaangalia hali halisi ilivyokuwa. Kwa kipimo hicho Pistorius alishindwa tangu mwanzo, kwa kuwa hapakuwa na mshambuliaji. Reeva alikuwa chooni.

Lakini kuna mlango wa pili, nao ndio uliobeba kesi nzima: kujihami kwa kudhani. Mtu aliyeamini kwa dhati kwamba anashambuliwa, na kwamba ana haki ya kutumia nguvu ile, anaweza kukosa kusudi la kutenda uhalifu hata kama alikosea. Hapo mahakama huingia kichwani mwake. Akiaminika, hawezi kuhukumiwa kwa mauaji ya kukusudia. Kinachobaki ni kuuliza kama kosa lake lilikuwa la uzembe ambao mtu mwenye busara asingeufanya. Likiwa la uzembe, ni kuua bila kukusudia.

Kuna mfano mzuri ambao mawakili waliutaja sana, kesi ya De Oliveira ya mwaka 1993. Mwenye nyumba aliyekuwa ndani ya nyumba iliyolindwa vizuri, mchana, alifyatua risasi kutoka dirishani kuwaelekea watu waliokuwa uani. Mmoja akafa. Hawakuwa wavamizi. Mwenye nyumba hakutoa ushahidi kueleza aliwaza nini, na mahakama ikakataa kumbunia imani ambayo yeye mwenyewe hakuithibitisha. Alihukumiwa kwa mauaji.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Mwaka 2004 mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya raga aliamka alfajiri akaona gari la binti yake likiondoka, akadhani linaibwa, akafyatua. Aliyekuwa kwenye usukani ni binti yake mwenyewe. Waendesha mashitaka waliamua kutomfikisha mahakamani, wakiona ameshaadhibiwa vya kutosha. Uamuzi huo una utu, sibishi. Lakini uliwaachia wenye bunduki wengi wazo la hatari, kwamba kukosea kuhusu ni nani kunafuta swali la kwa nini ulifyatua. Gari linaloondoka halimshambulii mtu.

Na mtu asije akadhani kwamba sheria hii siku zote imekuwa kali. Mwaka 1967, katika kesi ya Van Wyk, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali kwamba mwenye duka aliyechoka kuibiwa, akatega bunduki mlangoni na kubandika tangazo la onyo, anaweza kuwa ameua kihalali kulinda mali tu. Hiyo ilikuwa Afrika Kusini kabla ya Katiba mpya. Tangu haki ya kuishi iandikwe kwenye Katiba, na hasa baada ya hukumu ya Makwanyane iliyofuta adhabu ya kifo mwaka 1995, uamuzi ule umebaki kwenye vitabu ukitiliwa shaka na wasomi wengi. Nchi ambayo dola yenyewe imenyimwa ruhusa ya kumuua mwizi aliyehukumiwa ni vigumu kumruhusu mwenye duka amuue ambaye hajahukumiwa.

Hukumu ya kwanza

Kesi ilisikilizwa na Jaji Thokozile Masipa akisaidiwa na washauri wawili, kwa kuwa Afrika Kusini ilifuta mfumo wa juri mwaka 1969. Gerrie Nel aliongoza mashitaka, Barry Roux akaongoza utetezi.

Pistorius alipohojiwa alijikanyaga. Mara alifyatua kwa sababu aliamini mtu anatoka kumshambulia. Mara hakukusudia kumpiga mtu yeyote. Mara alifyatua kabla ya kufikiri, kwa mshtuko. Maelezo haya hayakai chungu kimoja. Anayejihami anafyatua kwa kukusudia, na utetezi wake wote unasimama juu ya kusudi hilo. Aliyeshtuka hakuamua chochote. Nel alipomuuliza kwa nini hakupiga risasi ya onyo, alijibu kwamba angepiga upande wa bafu la maji risasi ingeweza kudunda na kumpata yeye. Mtu anayewaza risasi itadunda wapi bado ana akili ya kuchagua upande wa kupiga. Sidhani kama kuna jibu lililomgharimu zaidi ya hilo.

Septemba 2014 Masipa alisema mshitakiwa alikuwa shahidi mbaya, lakini ushahidi wa mashitaka kwamba alijua aliyemo ni Reeva haukutosha. Alimwachia kwa mauaji ya kukusudia, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mtu mwenye busara, hata mwenye ulemavu kama wake, alisema jaji, angechukua simu akawaita walinzi au polisi, au angekimbilia roshani akapiga mayowe. Adhabu ikawa kifungo cha miaka 5. Oktoba 2015 Pistorius alitoka gerezani kwenda kumalizia nyumbani kwa mjomba wake.

Tatizo la hukumu hiyo ni hatua moja. Jaji alifikia hitimisho kwamba mshitakiwa hakuona uwezekano wa kumuua mtu aliyekuwa nyuma ya mlango, kwa sababu alidhani Reeva yuko kitandani. Isome tena taratibu. Kwamba Reeva yuko kitandani kunaonyesha hakutegemea kumuua Reeva. Hakuonyeshi kwamba hakutegemea kumuua aliyekuwa chooni. Tena mshitakiwa mwenyewe alisema aliamini kuna mtu mle ndani, maana bila mtu huyo asingekuwa na utetezi wowote.

Bloemfontein

Waendesha mashitaka nchini humo hawawezi kukata rufaa kwa kulalamikia jinsi jaji alivyopima ukweli wa mashahidi. Wanaweza kupeleka hoja za kisheria tu. Ndivyo walivyofanya, na 3 Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa huko Bloemfontein, majaji watano, hukumu ikiandikwa na Jaji Leach, ikabadilisha matokeo na kumtia hatiani kwa mauaji.

Hoja ilihusu aina ya kusudi ambayo wanasheria huiita dolus eventualis. Si lazima uwe umepanga kifo. Inatosha kwamba ulikiona kifo kama jambo linaloweza kutokea, ukajipatanisha nacho, ukaendelea. Majaji walisema utambulisho wa aliyeuawa hauna uzito hapo, wakatoa mfano wa mtu anayelipua bomu mahali penye watu. Hajui majina ya watakaokufa, na hakuna mahakama itakayomwambia hakukusudia. Mtu aliyezoea silaha, aliyefundishwa, akapiga risasi nne za kuchanua kwenye mlango wa mbao wa choo kisicho na pa kujificha, alijua kwamba aliyemo anaweza kufa.

Kisha wakageukia kujihami kwa kudhani, na hapa ndipo hukumu inapomhusu kila mwenye leseni ya kifungu cha 13. Pistorius hakujua kama aliyemo alikuwa na silaha. Hakuwa ameona mtu. Mlango haukufunguka. Hakuna aliyemtamkia neno. Alichokuwa nacho ni sauti na hofu. Majaji hawakuikana hofu yake wala udhaifu wa mtu aliyesimama bila miguu gizani. Walichokataa ni kwamba mtu mwenye akili timamu, katika hali ile, angeweza kuamini ana haki ya kumfyatulia mtu bila hata kupiga risasi ya onyo. Hofu inakufanya uamini uko hatarini. Haikufanyi uamini kwamba sheria imekuruhusu kuua, hasa kama ulishawahi kuandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba haijakuruhusu.

Mahakama ya Katiba ilikataa kusikiliza rufaa yake Machi 2016. Julai mwaka huo Masipa alimpa miaka 6, ingawa adhabu ya kuanzia kwa mauaji ya aina hiyo, chini ya sheria ya mwaka 1997, ni miaka 15 isipokuwa kuwe na sababu nzito na za kipekee. Mashitaka yakarudi tena Bloemfontein, na Novemba 2017 ikawa miaka 13 na miezi 5, yaani 15 ukitoa muda aliokwisha kutumikia. Aliachiwa kwa parole 5 Januari 2024, na masharti yake yanaendelea hadi Desemba 2029.

"Angekuwa Marekani angeachiwa"

Usemi huu haukosekani kila kesi hii inapotajwa, na hauna ukweli kama unavyodhaniwa. Mwaka huohuo wa 2013, mwezi Novemba, huko Dearborn Heights, jimbo la Michigan, mwanamke wa miaka 19 aliyekuwa amepata ajali ya gari aligonga nyumba ya mtu usiku wa manane. Mwenye nyumba aliogopa, akaja na shotgani, akafungua mlango wa ndani na kufyatua kupitia mlango wa wavu uliokuwa umefungwa. Michigan tangu 2006 ina sheria inayosema mtu aliye mahali anaporuhusiwa kuwa halazimiki kukimbia kabla ya kujihami. Hata hivyo, Agosti 2014, mwezi mmoja kabla ya hukumu ya Masipa, juri lilimtia hatiani kwa mauaji ya daraja la pili. Sheria ile ilimwondolea wajibu wa kurudi nyuma. Haikumwondolea wajibu wa kuwa na sababu ya busara ya kuamini kwamba anakaribia kuuawa. Tena katika kisa chake, kama cha Pretoria, kati ya bunduki na mtu kulikuwa na mlango uliofungwa.

Mlango una maana ileile uliyoiona kwenye swali la geti la chuma. Ukiwepo, na usipovunjwa, shambulio halijafika. Mvamizi aliyejifungia chooni huenda ni mwizi aliyeogopa kuliko wewe. Huenda ana bastola. Huenda ni kijana wa jirani. Mwenye silaha mwenye akili anaitumia nafasi ambayo mlango umempa: anarudi nyuma ya kona au kitanda, anahakikisha wote wa nyumbani wako upande wake, anaita msaada, anaelekeza mtutu mahali pa kupita na kungoja. Ukifunguka na mtu akatoka na kisu, hapo hakuna mahakama itakayomlaumu. Jambo la pili kati ya hayo, kuwahakikisha wa nyumbani, ndilo ambalo Pistorius hakulifanya. Alimsemesha Reeva, hakusikia jibu, akaendelea. Kunyoosha mkono tu kuelekea upande wa pili wa kitanda kungetosha.

Wapo wanaojibu kwamba ni rahisi kusema hivyo mchana, umekaa. Kweli. Lakini kutoka kitandani mpaka mwanzo wa bafu aliifuata hatari kwa miguu yake iliyokatwa, hatua kwa hatua, akiiacha roshani, simu na mlango wa chumba nyuma yake. Kila hatua aliyoipiga kwenye ujia ule ilikuwa inampunguzia haki ya kudai kwamba hakuwa na njia nyingine, ambayo ni maneno yaleyale ya kifungu kilichompa leseni.

Mei 2021 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha rasimu ya marekebisho iliyokusudia kuifuta kabisa leseni ya kujihami. Ilikutana na upinzani mkali kutoka kwa wenye silaha, vyama vya upinzani na watu wanaoishi mbali na kituo cha polisi, na nadhani walikuwa na hoja. Mjane anayeishi peke yake shambani, kilomita nyingi kutoka barabarani, hana walinzi wa Silver Woods wala ukuta wenye waya wa umeme, na sharti la kifungu cha 13 analitimiza kweli. Kama kuna wa kubanwa, abanwe yule aliyezungukwa na njia nyingine zote na bado akaandikiwa kwamba hana njia nyingine. Ofisa anayepokea maombi ya leseni ana uwezo wa kumuuliza hilo leo, bila bunge kubadilisha hata koma moja.